Baridi Yabisi ya Watoto na Suali la Nasaba



Barua ya juma hili imetoka mtaa wa Mbotela, Nairobi. Aliyeiandika ni mama aliyezaliwa pwani na kumfuata mume wake bara, na ameniridhia niyaeleze yake bila ya kumtaja jina. Binti yake ana umri wa miaka minane. Tangu alipokuwa na mitano magoti yake huvimba, kisha kikafuata kiwiko, kisha vidole. Asubuhi huamka viungo vimekakamaa hata hawezi kufunga vifungo vya sare yake ya skuli, na ikifika adhuhuri utamkuta nje yuacheza na wenziwe. Alitibiwa malaria, haikuwa malaria. Mama akaambiwa ni maumivu ya kukua, yatakwisha yenyewe. Mwaka wa tatu ndipo daktari mmoja alipoupa ugonjwa jina lake, akasema ni baridi yabisi ya watoto.

Mama huyu hakuniandikia kutaka dawa. Mavyaa wake asema ugonjwa umetoka upande wa mama, kwa kuwa damu yao si nzuri. Majirani na jamaa wasema sababu ni ndoa yenyewe, kwani mume na mke ni watoto wa ndugu wawili wa kiume. Na juu ya hayo, kliniki imempa karatasi ya kutia sahihi ili mate ya mtoto yachukuliwe katika utafiti wa vinasaba, naye mumewe hataki hata kuiona karatasi hiyo. Amemalizia kwa maneno machache: "Maalim, nijibu ningali nimo katika nyumba yangu."

Kwa ajili ya maneno hayo nimeiweka kando makala niliyokuwa nimeitayarisha.

Nianze na jina, kwani jina nalo limewapoteza wengi. Baridi yabisi ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyosafiri na elimu ya tiba ya kale, ile iliyotoka kwa Wayunani ikapokewa na Waarabu na kupangwa na mabingwa kama Ibn Sina. Wao walisema mwili una khilti nne: damu, balghamu, safra na sauda, na kila moja ina tabia mbili. Sauda ndiyo iliyokuwa baridi na yabisi, yaani ya baridi na ukavu. Maradhi ya viungo yakanasibishwa na tabia hiyo, na sisi tukabaki na jina baada ya elimu yenyewe kupitwa na wakati. Ndiyo maana mama wa pwani akihamia Nairobi, mtoto akavimba goti mwezi wa Julai, jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba amelala kwenye sakafu ya saruji bila ya mkeka. Baridi yaweza kuyazidisha maumivu ya kiungo kilichokwisha kuugua, lakini siyo inayouleta ugonjwa. Watoto wa Mombasa na wa Riyadh, ambako jua halina huruma, huugua vilevile.

Ugonjwa huu hutokea pale kinga ya mwili, ambayo Mwenyezi Mungu ameiumba ipigane na vijidudu, inapougeukia utando laini ulio ndani ya kiungo na kuushambulia kama kwamba ni adui. Utando huvimba, maji hujaa, na ukiachwa muda mrefu mfupa na gegedu huliwa, mguu mmoja ukawa mrefu kuliko wa pili, taya likakataa kufunguka. Madaktari huupa jina hili ikiwa umeanza kabla ya miaka 16, umedumu katika kiungo kwa wiki sita au zaidi, na maradhi mengine yamekwisha kuondolewa katika hesabu. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa kwamba unaweza kufikia takriban mtoto mmoja katika kila 1,000. Si ugonjwa mpya wala wa kizazi hiki cha chipsi na soda, kama nilivyosikia ukisemwa. Daktari George Frederic Still wa London aliandika habari za watoto 22 wenye maradhi ya namna hii mwaka 1897.

Kwa nini basi huchukua miaka kujulikana kwetu? Kwa sababu goti la mtoto wa Kenya likivimba, yapo mengi ya kudhaniwa kwanza, na dhana hizo si za kijinga. Lipo tatizo la selimundu. Kipo kifua kikuu cha mfupa. Ipo saratani ya damu, ambayo huweza kuanza kwa maumivu ya viungo. Ipo na homa inayofuata maumivu ya koo, ile inayodhuru moyo, ambayo uvimbe wake huhama: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu, na kila kiungo hupoa baada ya siku chache. Uvimbe unaokaa pale pale wiki baada ya wiki, na ukakamavu wa asubuhi unaolegea kadiri jua linavyopanda, ndizo dalili ambazo mzazi anapaswa kumtajia daktari kwa ulimi wake mwenyewe, wala asingoje kuulizwa.

Hapa nina neno na walimu wenzangu wa vyuo. Mtoto asiyeweza kukaa tahiyyatu darasa la asubuhi, na mchana ukamwona akikimbia, kwa mwalimu asiyejua huonekana mvivu au mkaidi, na wapo wanaoshika kiboko kwa hilo. Kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mwangalieni magoti. Mgonjwa ameruhusiwa na sharia kusali kwa namna anayoiweza, ameketi au hata kwa ubavu, na kiti ndani ya darasa si utovu wa adabu mbele ya Msahafu.

Na mama asisahau macho. Namna moja ya ugonjwa huu, khasa kwa watoto wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, huleta uvimbe ndani ya jicho bila ya wekundu wala maumivu. Mtoto halalamiki, na siku utakapogundua haoni vizuri huwa jicho limekwisha kudhurika. Watoto wa namna hiyo hupelekwa kwa daktari wa macho kila baada ya miezi mitatu hivi, hata kama hawana tatizo lolote la kuona.

Tuje sasa kwa mavyaa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kisa cha bwana mmoja wa kabila la Fazara aliyemjia Mtume (s.a.w.) na dukuduku moyoni, kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi asiyefanana naye. Mtume hakumtuhumu mke wala hakumfokea mume. Alimuuliza kama ana ngamia na rangi zao ni zipi. Akajibu kwamba ni wekundu. Akamuuliza iwapo yumo wa rangi ya kijivu miongoni mwao, naye akakiri yumo. Alipoulizwa huyo ametoka wapi, bwana yule mwenyewe akasema huenda ni asili fulani iliyomvuta. Mtume akamwelewesha kwamba huenda na mwanawe naye amevutwa na asili. Neno lililotumika hapo ni *irq*, ambalo ni mshipa na ni mzizi. Nami kila nikisomesha kisa hiki hushangazwa na jinsi yule bwana alivyopewa jibu kutokana na zizi lake mwenyewe, akarudi kwa mkewe bila ya shaka.

Lugha yetu nayo imefanya uzuri wake. Kile ambacho wataalamu wa maumbile hukisoma ndani ya chembe ya mwili tumekiita vinasaba, kutokana na nasaba. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Hakuna mtoto aliyeumbwa kwa damu ya upande mmoja. Basi mwenye kusema maradhi yametoka kwa mama peke yake anazungumza jambo ambalo elimu hii hailijui.

Na katika baridi yabisi ya watoto jambo lenyewe liko mbali zaidi na lawama. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza, Marekani, Ujerumani na kwingineko walitangaza matokeo ya kulinganisha vinasaba vya watoto 2,816 wenye ugonjwa huu na vya watu zaidi ya 13,000 wasiokuwa nao. Walipata sehemu 17 za vinasaba zinazohusiana nao, na 14 kati ya hizo zilikuwa hazijathibitishwa kabla. Nyingi zinahusu kazi ya kinga ya mwili. Lakini kila moja huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo tu, na maelfu ya watu wanazibeba wakiwa na afya zao hadi uzeeni. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa pacha waliotokana na yai moja, ambao vinasaba vyao ni sawasawa: mmoja akiugua, mwenzake huugua pia kwa kiasi cha mara 25 hadi 40 katika kila 100. Maana yake ni kwamba mara nyingi mwenye vinasaba vilevile hasibiwi. Kuna sababu nyingine nje ya nasaba, na huenda maambukizi ya utotoni yakawa miongoni mwake. Vinasaba hapa ni mlango ulioachwa wazi. Havikumlazimisha mtu kuingia.

Binti yangu wa Mbotela, umesema kwamba mumeo ni mtoto wa ami yako. Basi baba yako na baba mkwe wako ni ndugu wa tumbo moja. Mavyaa akiitia ila damu yako, ameitia ila damu ya mumewe na ya mwanawe aliyemzaa mwenyewe. Mwambieni hivyo kwa upole, na ni bora aseme mwanawe, sio wewe.

Suala la ndoa ya jamaa ni zito zaidi na silipitii haraka.

Kuoana watoto wa ami ni halali bila ya khitilafu. Mtume (s.a.w.) alimuoza binti yake Fatma kwa Ali, mtoto wa ami yake. Yale maneno yanayosambazwa kwamba Mtume aliamrisha watu waoe mbali ili wasidhoofike hayana asili ya kutegemewa. Ibn Salah, aliyekuwa bingwa wa elimu ya hadithi, aliyakanusha. Lakini wasomi wetu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya mwambao, hawakuliacha jambo hili hivi hivi. Imamu Nawawi katika Minhaj amelihesabu kuwa ni jambo la kupendekezwa kwamba mke asiwe jamaa wa karibu sana. Aliyeoa amefanya halali, na aliyeombwa ushauri kabla ya posa ana haki ya kusema tazameni mbali kidogo. Wazee wetu wengi walishika nusu ya kwanza na kuifumbia macho ya pili, khasa palipokuwa na shamba au nyumba ya kurithi.

Elimu ya vinasaba imekuja kuonyesha wapi pa kuogopa na wapi pasipo. Mwaka 2015 watafiti wa Saudi Arabia waliandika habari za watoto 13 kutoka familia tano, wazazi wote wakiwa wameoana jamaa kwa jamaa, wenye aina kali ya baridi yabisi inayokuja na homa na vipele. Kwa watoto hao ugonjwa haukutokana na mkusanyiko wa sababu ndogo ndogo. Ulitokana na kosa moja katika jeni moja, iitwayo LACC1, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Mtoto huugua akiipata nakala yenye kosa kwa baba na kwa mama pia. Mzazi mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haugui wala hajui kama anayo, na wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuleta mtoto mgonjwa. Jamaa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kosa moja lile lile kwa sababu babu yao ni mmoja. Ni hesabu ile ile ya selimundu.

Kuna na maradhi yanayojifanya baridi yabisi ilhali siyo. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba watoto wengine hukosa ile protini inayokilainisha kiungo mfano wa mafuta kwenye bawaba, kwa sababu ya kosa katika jeni iitwayo PRG4. Vidole vyao hupinda tangu uchanga, magoti huvimba, na mtu atakula kiapo kwamba ni baridi yabisi. Dawa za kutuliza kinga hazimfai mtoto huyo hata kidogo. Hubakia na madhara yake tu. Maradhi haya nayo huonekana zaidi katika ndoa za jamaa. Kwa hiyo familia yako, binti yangu, ni miongoni mwa zile ambazo uchunguzi wa vinasaba waweza kuzinufaisha kwa kweli. Ukimwona daktari mtajie wazi kwamba nyinyi ni watoto wa ndugu wawili, na mtajie kama yuko mtoto mwingine katika ukoo mwenye viungo vya namna hiyo. Wengi hulificha hilo kwa haya, na kwa kulificha humnyima daktari ufunguo. Yumkini jibu likawa kwamba binti yenu ana ile aina ya kawaida, isiyohusiana na ujamaa wenu, na ndio uwezekano mkubwa.

Ama talaka, haimponyi mtoto goti. Ndoa imekwisha funga, watoto wapo, na haki zao hazibadiliki kwa matokeo ya maabara yoyote.

Sasa karatasi ya utafiti. Mumeo akiuliza kwa nini wazungu au mtu mwingine autake mate ya mtoto wa Mbotela, suali lake ni la haki na lina jibu kutoka pwani yetu wenyewe.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba alama ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Alijiuliza kwa nini jambo linaloua watoto limekithiri pale pale penye mbu. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mwenye nakala moja ya selimundu hulindwa na malaria kali, na mwenye mbili ndiye anayeugua. Kile ambacho nyumba nyingi za pwani zilikiita laana ya ukoo kilikuwa ni ngao iliyowavusha mababu. Jambo hilo lisingejulikana kwa kupima watu wa Oxford. Na katika miaka ya karibuni watafiti walioko Kilifi wameeleza jinsi kundi la damu liitwalo Dantu linavyoifanya malaria ishindwe kuingia kwenye chembe nyekundu, nayo ni elimu iliyotoka kwa watoto wa Kilifi waliotoa damu yao.

Katika baridi yabisi tuko bado pale alipokuwa Allison kabla ya kushuka melini. Wale watoto 2,816 niliowataja walikuwa wa asili ya Ulaya. Moja ya alama zinazotafutwa kwa watoto wenye maumivu ya kisigino na uti wa mgongo inaitwa HLA-B27, nayo ni nadra kwa Waafrika weusi wa sehemu nyingi za kusini ya Sahara. Daktari akitumia orodha iliyotungwa kwa watu wa kaskazini, mtoto wa hapa aweza kukosa alama yoyote na bado akawa mgonjwa. Kazi imeanza kwa maradhi mengine. Mpango wa H3Africa ulizinduliwa kwa ajili ya utafiti wa urithi na afya barani Afrika, na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu zaidi ya 6,000 wa Uganda. Sisi wa mwambao nasi si wa kundi moja. Utafiti wa mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda na Kilwa uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha mchanganyiko wa mama za Kiafrika na baba ambao wengi walikuwa na asili ya Uajemi, tangu kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Hata jina la mtaa wa Mbotela ni la pwani: ni la Tom Mbotela aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, wa ukoo wa James Juma Mbotela wa Freretown aliyeandika kitabu cha watumwa walioachwa huru. Katika nyumba zile ndogo za kando ya Jogoo Road mna watoto ambao hakuna orodha yoyote ya vinasaba iliyowahi kuwataja.

Lakini utafiti si matibabu, na mama asiyachanganye mawili haya. Mate yatakayotolewa leo huenda yasimletee binti yako faida yoyote, na dawa yake isingoje majibu hayo. Dawa ya msingi, methotreksati, hupewa mtoto mara moja tu kwa juma. Chagueni siku, mathalan Ijumaa, muishike. Kuitoa kila siku kwa pupa ya kupona ni hatari kubwa, na vipimo vya damu visirukwe. Zipo dawa mpya zaidi za sindano zinazozuia ujumbe wa uvimbe mwilini, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani kwa watoto hawa mwaka 1999. Ni ghali mno kwa mkaazi wa Mbotela, na kabla ya kuzianza ni lazima mtoto apimwe kifua kikuu, kwani huweza kukiamsha kilicholala. Madaktari waliobobea katika maradhi ya viungo vya watoto ni wachache mno hapa nchini, Dkt. Angela Migowa wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ni miongoni mwa wa kwanza, na imembidi kufundisha wenzake kuutambua ugonjwa huu sawa na kuutibu. Ukitaka kumsomea mtoto na kumpa kombe, msomee. Dua haijamzuia mtu kwenda hospitali. Kuchanja chale kwenye goti lililovimba nako kuacheni.

Ama kutia sahihi, kwa maoni yangu inafaa, kwa masharti. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao cha Makkah cha mwaka 1998, liliruhusu kuitumia elimu hii kwa kinga na tiba, na likashurutisha madhara yapimwe kwanza, idhini ipatikane kisharia na siri ihifadhiwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu nayo imezihesabu habari za vinasaba kuwa ni nyeti. Kwa hiyo muulizeni mtafiti, mume na mke mkiwa pamoja: utafiti umepitishwa na kamati gani ya maadili? Mate yatawekwa wapi, na je yatapelekwa nje ya nchi? Yataweza kutumika katika kazi nyingine tusiyoijua? Mkijuta, mnaweza kujitoa na kitu kikateketezwa? Na matibabu ya mtoto yatabaki vilevile mkikataa? Jamii ya Wasan wa kusini mwa Afrika, baada ya kuchoka kuchukuliwa damu na kusahauliwa, ilitoa kanuni zake mwaka 2017 za kuwataka watafiti wawe wakweli, waheshimu na warudishe manufaa. Wao wengi wao ni maskini kuliko sisi, na hawakuona haya kuuliza. Na mtoto wa miaka minane ana akili yake. Naye aelezwe na aulizwe.

Limebaki moja, nalo nadhani ndilo lililomnyamazisha baba bila ya yeye kulitamka. Vipimo vinavyochukua mate ya mtoto na ya wazazi wawili vyaweza kufichua habari za nasaba ambazo hakuna aliyeziuliza. Kisharia nasaba ya mtoto imethibiti kwa ndoa. Baraza lile lile, mwaka 2002, liliamua kwamba haifai kutegemea alama za vinasaba kuikanusha nasaba iliyothibiti. Basi kabla ya kalamu kugusa karatasi, mwambieni mtafiti aandike ndani yake kwamba habari za namna hiyo hazitatafutwa wala hazitatolewa kwa yeyote, mume, mke wala ukoo. Watafiti waadilifu hukubali sharti hilo bila ya mjadala. Akikataa kuliandika, mrudishieni karatasi yake, na mwendelee na kliniki na dawa kama kawaida.